Herufi ya Mjusi

Walimu wadogo zangu, mmenipa kaye mpya, daftari la kurasa mia moja, na biki mbili za kuandikia, mkasema, "Papa Mwalimu, sasa uko nyumbani, utuandikie namna kazi ilikuwa." Asante kwa biki. Moja imeshakauka. Kurasa mia sitazifikisha, maana mkono umechoka kwa chaki na mgongo umechoka kwa kuwainamia watoto wa miaka sita. Nitaandika yale yanayomfaa mwalimu wa darasa la kwanza, kisha nitaandika jambo moja ambalo nimelikalia miaka mingi. Jambo hilo ni la mmoja wenu, Riziki, anayefundisha sasa katika chumba changu. Tangu utoto wake anajilaumu kwa kosa ambalo si lake, na mimi ninayelijua kosa hilo ni la nani nimemwacha ajilaumu. Sasa nimestaafu. Sina tena darasa la kukimbilia kila linaponijia kichwani.

Nilianza kazi huku Masisi nikiwa kijana mwenye shati moja jeupe. Nilitaka darasa la sita, niwaandae watoto kwa mtihani wa taifa na watu waniite mkali. Direkta wa shule akanipa la kwanza. Sisi wanaume tuliona darasa la kwanza ni kazi ya akina mama, ya kufuta makamasi na kuimba. Nikaingia nimekunja uso. Watoto sabini walikuwa wamebanana juu ya magogo, wengine hawajawahi kukaa mahali pamoja tangu wazaliwe. Nikaandika "a" ubaoni, nikasema "a", wakasema "a". Kufikia saa nne nilikuwa nimemaliza vokali zote tano, nikashangaa watu wanalalamikia nini katika kazi hii. Kesho yake hakuna aliyekumbuka hata moja, na mtoto mmoja alinikojolea kiatu.

Aliyeniokoa ni Mama Sifa, mwalimu wa darasa la pili, ambaye chumba chake kilipakana na changu. Alinisikia nikipiga kelele siku tatu. Siku ya nne, wakati wa mapumziko, akaja na maharagwe amefunga kwenye pindo la kitenge.

"Kaka," aliniambia, "batoto habafundishwe na shingo. Utapasuka bure. Wape kitu mu mikono."

Akawakalisha chini, kila wawili na jani la mgomba, akawaonyesha kupanga maharagwe kufuata umbo la herufi. Mtoto anapanga, anapitisha kidole juu yake, anatoa sauti. Kisha Mama Sifa anaitawanya herufi ile, anamhamisha mtoto kwenye jani la mwenzake, anampa aanze tena. Maharagwe yakipungua, ujue kuna aliyeshikwa na njaa. Usimpige, yalikuwa mabichi na tumbo litamfundisha.

Mengi ninayojua nimeyapata kwake. Sauti kwanza, jina la herufi baadaye. Mkimfundisha mtoto kusema "em", akikutana na "ma" atasoma "ema", na kosa litakuwa lenu. Mfungeni midomo aseme "mmm" huku ameshika koo, asikie linatetemeka. Kwa "p", mshikieni kipande cha karatasi mbele ya mdomo. Kikiruka amepata, kisiporuka amesema "b". Kwa "f" mwambieni apulize moto wa kuni mbichi. Mtoto anayechanganya "b" na "d" mletee kikombe chenye mkono, umwonyeshe mkono unaelekea wapi. Nilikuwa na mvulana aliyezichanganya mwaka mzima, na kikombe kikavunjika kabla hajaelewa. Alikuja kuelewa mwaka uliofuata, bila kikombe, siku ambayo nilikuwa nimeshakata tamaa. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi. Mtoto hutangulia au huchelewa, lakini mara chache sana hufika siku ile uliyoiandika kwenye matayarisho yako.

Sasa nije kwenye ukuta. Nina mwandiko mzuri. Nalisema bila aibu, kwa kuwa ndio ulioniponza. Mwaka wangu wa tano nilichoka na maharagwe na majani. Kila asubuhi kutafuta, kila mchana kufagia. Nikachota udongo mweupe mtoni, nikaukoroga vizuri, nikaandika herufi zote kwenye ukuta wa udongo wa darasa, safu kwa safu, na kando ya kila moja picha. "A" yenye tunda la avoka, "k" yenye kuku, "s" yenye kipande cha sabuni. Nilipofika chini kabisa, pembe ya kushoto, mjusi akatoka kwenye tundu lake. Darasa zima likaita, "Mujusi!" Basi nikaandika "m" juu ya tundu lile, na picha sikuichora, maana ilikuwa hai. Karibu kila asubuhi mjusi alitoka kuota jua la mlangoni, na watoto walimsalimu, "Mmm." Nilikuwa na msaidizi ambaye hata diploma hakuhitaji.

Kazi ikawa nyepesi. Ninagusa kwa mwanzi, watoto wanaitikia. Juu hadi chini, kushoto hadi kulia, kila siku mpangilio uleule. Mwezi haukuisha, wakawa wanausoma ukuta mzima kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni.

Mama Sifa alikuja kuuona. Alisimama mlangoni akawasikiliza watoto.

"Ukuta iko muzuri sana," alisema. "Lakini kaka, batoto banajua herufi ao banajua ukuta?"

"Si unabasikia, Mama?"

"Ninabasikia. Mbuzi yako unaijua kama unaitambua mu soko, kati ya mbuzi ya bengine. Kama unaijua tu fasi umeifunga, haujue mbuzi. Unajua kamba. Ubatoshe fasi yao, uone."

Kuwatoa mahali pao? Mimi nikaona ni wivu. Sikumwambia hivyo, ila nilimjibu kwa adabu ile ambayo mtu mzima huielewa mara moja. Hakurudia tena. Baadaye alikuja mkaguzi, akasikia watoto sabini wakiusoma ukuta bila kusita, akaandika maneno mazuri kwenye daftari lake na kuwaagiza walimu wa shule jirani waje kutazama. Walikuja. Wiki ile nilitembea kama jogoo.

Riziki alikuwa katika darasa la mwaka ule. Mama yake, Mapendo, alilima maharagwe na viazi upande wa pili wa bonde. Baba yake alikuwa amekufa zamani. Riziki mwenyewe alikuwa msichana mdogo wa umbo, anakaa mbele, sauti yake inatangulia za wengine. Nilipochoka nilimpa mwanzi aongoze yeye. Niliwaambia wote kwamba huyu ndiye msomaji wangu.

Vita vilipofika mlimani kwetu ilikuwa asubuhi ya shule. Sitaeleza milio ya risasi, mnaijua wenyewe. Tulikimbia na watoto kuelekea chini, na njiani wazazi wakawa wanawachukua walio wao mmoja mmoja. Mapendo alikuwa shambani, ng'ambo ya bonde, na bonde halikupitika. Jioni mkono wa Riziki ulikuwa bado ndani ya mkono wangu. Tukaungana na watu waliokuwa wakielekea Walikale, tukaingia msituni. Mama Sifa hatukuwa naye. Tulikuwa tumemzika miezi michache kabla, kwa ugonjwa wa kawaida, kitandani kwake, na njiani kuna aliyesema alibahatika.

Siku ya tisa tulifika Mubi. Mji ule ulikuwa na maduka, pikipiki na malori, na vijana wenye makoleo wakienda Bisie kuchimba madini. Hakuna aliyetushangaa. Katekista mmoja alitupa banda nyuma ya kanisa, na wanawake tuliokimbia nao wakawasha moto. Mimi nyayo zilikuwa zimepasuka na miguu imevimba, nikalala juu ya mkeka.

Wakati ule watu wa pikipiki walikuwa wanaleta karatasi za majina kutoka vijiji vingine ambako wakimbizi walifikia. Katekista alizibandika kwenye ukuta wa kanisa kwa uji wa muhogo, na kila mtu akawa anatafuta wake. Katika wiki ya pili ikaja karatasi ya kijiji cha Buleusa. Nilisikia watu wakisukumana nje. Kutoka kwenye mkeka wangu hadi ukuta ule zilikuwa hatua thelathini. Baadaye nilizihesabu, mara nyingi.

"Riziki," nikamwambia, "wewe unajua kusoma. Enda uangalie jina ya mama. Mapendo, inaanza na ile ya mujusi."

"Ile naijua, mwalimu."

Alikwenda mbio. Akarudi taratibu.

"Haiko."

"Uliangalia muzuri?"

"Niliangalia fasi yake. Haiko."

Nikamwambia pole, nikamwekea mkono kichwani, nikageukia upande wa pili. Miguu ilikuwa inaniuma. Kila asubuhi alirudi kuangalia, na kila asubuhi alileta neno lilelile. Mimi nilimwamini, kwa kuwa nilikuwa nimemfundisha mimi.

Wiki tatu zilipita. Miguu ikapona, na wazazi wakaomba niwakusanye watoto pale bandani ili wasizurure barabarani kwenye malori. Kumi na mmoja kati yao walikuwa wa darasa langu la mlimani. Ukuta wa udongo haukuwepo, palikuwa na mbao tupu. Nikakata katoni ya biskuti, nikaandika "m" kubwa kwa mkaa, nikainua juu. Nilianza na hiyo kwa sababu ndiyo waliyoipenda.

Wakaitazama katoni, kisha wakanitazama mimi.

Nikadhani wana haya kwa sababu ya mahali pageni. Nikaisogeza karibu. Mtoto mmoja wa nyuma akauliza, bila utani wowote, "Mujusi iko wapi?" Na wote kumi na mmoja wakageuza vichwa, chini, pembe ya kushoto, wakatazama ubao mtupu wa banda. Riziki pia alitazama pale.

Niliishusha katoni. Nikaandika "k", nikaandika "s". Wakatazama mbao, kila mmoja akitafuta mahali, na mahali hapakuwepo. Nilikaa chini. Niliona haya, kisha nikakumbuka neno ambalo Riziki alikuwa akiniambia kila asubuhi.

Nikamshika mkono, tukaenda kwenye ukuta wa kanisa. "Nionyeshe fasi uliangalia," nikamwambia. Akaweka kidole kwenye karatasi ya Buleusa, chini kabisa, pembe ya kushoto. Pale palikuwa na doa la uji wa muhogo. Mimi nikaanza kusoma kutoka juu. Mstari wa saba uliandikwa Mapendo, jina la mlima wetu, na kwamba anatafuta mtoto wa kike mmoja.

Sikumwambia. Nilimwambia arudi kwa wenzake. Siku hiyohiyo nilimpata kijana wa pikipiki aliyeileta karatasi, nikamuuliza habari za watu wale. "Papa, balishaondoka," alisema. "Kulikuwa fujo kule, juma iliyopita. Kila mutu na njia yake." Basi. Mama mtu alikuwa amekaa mahali panapojulikana, na jina lake lilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye mkeka wangu.

Kuanzia hapo nilifanya mambo mawili. La kwanza, niliandika vikaratasi: "Mapendo, Riziki iko Mubi, nyuma ya kanisa, kwa mwalimu wake." Niliwapa madereva wa malori, wenye pikipiki, wachuuzi, wawindaji wanaokatiza msitu. Wengine, nina hakika, walisokotea tumbaku. La pili, nilikata katoni nyingi na kumpa kila mtoto herufi zake mkononi. Tulizichanganya kila asubuhi kama karata. Herufi niliziandika mchangani, kwenye majani, mgongoni mwa mtoto kwa kidole. Nilitafuta maharagwe. Nilimwomba Mama Sifa msamaha kila nilipoyamwaga chini, ingawa alikuwa hanisikii. Riziki aliijua "m" kwa kweli katika mwezi wa pili, kwenye gunia la muhogo lililokuwa mgongoni mwa mtu sokoni. Alinivuta shati akaniambia, "Mwalimu, ile pale." Nilifurahi, na moyo uliniuma sana.

Kikaratasi kimoja kilifika baada ya mwaka mzima. Mapendo hakujua kusoma. Muuguzi fulani ndiye aliyemsomea. Akaja kwa miguu. Tulikuwa darasani. Aliingia bandani amekonda, ana kuku amemshika chini ya kwapa, na Riziki alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka, kisha akaruka juu ya magoti ya wenzake. Wanawake wa banda walilia. Mimi nililia pia.

Tulipotulia, Mapendo akaeleza. "Nilikaa Buleusa majuma tatu namungojea. Banaandika jina yangu, nikabaona bakiandika. Nikasema, mwalimu iko naye, atasoma, bataniletea mutoto. Kisha kukachafuka."

Riziki alikuwa amemwegemea. "Jina yako ilikuwa kwa karatasi?"

"Ilikuwa, mutoto yangu."

Mtoto akainamisha kichwa. "Basi ni mimi sikuona," alisema. "Kila siku naangalia, lakini sikuona."

"Haizuru," mama yake akamwambia. "Ulikuwa mutoto." Kisha akanigeukia, akanipa kuku kwa mikono miwili. "Mwalimu, Mungu akubariki. Wewe njo ulinitafuta."

Ati mimi ndiye niliyemtafuta. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na maneno, na watu wote walikuwa wananitazama kwa shukrani. Nikapokea kuku. Nikasema, "Asante, Mama." Tulimla Jumapili.

Miaka iliyofuata mnaijua, kwa kuwa wengi wenu mmepita humo. Tulirudi mlimani, tukakimbia tena, tukarudi tena. Kila tulipokimbia, katoni zilienda ndani ya mfuko wangu, na mahali popote tulipoketi darasa liliendelea. Ukuta wangu ulianguka mvua mbili tatu baada ya kurudi. Mjusi sijui alihamia wapi. Sikuandika mwingine. Mkiwa na chati nzuri kutoka mjini, itundikeni, haina ubaya. Lakini kila asubuhi ishusheni, ikateni, igeuzeni, mtoeni mtoto mahali pake. Anayejua atajua hata gizani. Asiyejua atatazama pembe.

Mapendo alifariki miaka mitatu iliyopita. Mpaka mwisho aliniita mtu mwema. Nilikaa pembeni ya kitanda chake na bado sikusema, nikijidanganya kwamba mgonjwa hasumbuliwi.

Nilichoshindwa kukibeba ni kile cha mwaka huu. Siku mliyoniaga, baada ya hotuba ya direkta, Riziki alisimama mbele ya walimu vijana. Alisema hivi, na ninaandika kama nilivyosikia: "Mimi nilikosa jina ya mama yangu mara nyingi, iko mbele ya macho, kwa sababu ya haraka na machozi. Mwaka mzima mama alihangaika kwa ajili yangu. Njo maana nafundisha batoto kuangalia muzuri. Mwalimu huyu alinifundisha kusoma, mimi njo sikuangalia." Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye kitambaa, na shada la maua shingoni.

Riziki, mwanangu. Hukuwa na haraka. Na machozi sikuyaona, ulikwenda pale na macho makavu, ukaangalia vizuri kuliko mtu mzima yeyote, mahali palepale nilipokufundisha kuangalia. Jina lilikuwa mstari wa saba. Mimi nililiona na nikanyamaza. Nilikuwa nimekufundisha ukuta, nikakuita msomaji, kisha nikakutuma peke yako kwa sababu miguu ilikuwa inauma. Mwaka ule wa mama yako si wako. Ni wangu, na nakuomba uniachie mimi niubebe, ingawa nimechelewa sana kuuomba.

Jumatatu nitakuja shuleni kabla ya kengele. Nitakupa kaye hii mkononi, wazi kwenye ukurasa huu. Safari hii sitakutuma uende peke yako. Nitakaa kwenye benchi kando yako mpaka umalize kusoma.